Miaka ya Kuwapigia Wengine Gitaa

Watu wakisikia kwamba kwa zaidi ya miaka 30 nimeishi kwa kupiga gitaa studioni, huniuliza nimepiga wimbo gani. Jibu langu huwakatisha tamaa, kwa sababu nyimbo hizo zinajulikana kwa majina ya waimbaji na bendi, na fundi aliyejenga nyumba naye hupiga hodi mlangoni kama mgeni mwingine yeyote. Swali ambalo mimi ningependelea kuulizwa ni jingine kabisa: gitaa lilelile, lenye nyuzi 6 zilezile, hupewa kazi gani likiingia katika dansi, na hupewa kazi gani likiingia katika taarabu, kwaya, benga au Bongo Fleva? Nimechukua muda mrefu kulielewa jambo hilo, na mara nyingi nililielewa kwa kukosolewa mbele za watu.

Nilizaliwa Tanga, na gitaa la kwanza kulishika lilikuwa gitaa kavu la mjomba wangu, aliyekuwa mfanyakazi katika shamba la mkonge. Mjomba alipiga kwa vidole 2 tu. Dole gumba lilitembea kwenye nyuzi nene likishika besi, na kidole cha shahada kikachonga wimbo juu yake, hata mtu aliyekuwa nje ya nyumba akadhani ndani wamo wapigaji wawili. Mtindo huo ulienea sana Afrika Mashariki na Kati katika miaka ya 1950, na miongoni mwa waliouvumisha ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, huko Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao siku hizi unaitwa Likasi. Bosco aliimba kwa Kiswahili, na mjomba, ambaye hakupata kumwona hata siku moja, alimtaja kama mtu anavyomtaja jirani wa ukuta mmoja. Kwa malezi hayo nilikua nikiamini kwamba mpiga gitaa anapaswa kujaza nafasi yote, besi na wimbo na mapigo, asiache tundu. Imani hiyo ndiyo iliyonitesa nilipofika Dar es Salaam.

Mwaka 1992 bendi moja ya dansi jijini ilinichukua kushika gitaa la pili la solo. Bendi nyingi za wakati huo zilikuwa na magitaa 4: solo, solo la pili, rizimu na besi. Solo lilipaa juu na kujibizana na mwimbaji, rizimu lilishika kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, besi lilizungumza na ngoma, na solo la pili lilikaa katikati likirudia kifungu kifupi cha noti 6 au 8 bila kuchoka. Mazoezini nilikuwa nikiona haya kupiga kitu kidogo kiasi hicho, nikawa naongeza noti kila nilipoona upenyo. Mzee aliyekuwa akipiga rizimu alinivumilia kwa siku 3. Siku ya 4 alisimamisha bendi nzima, akasema kwa upole, “Kijana, hapo unapopaziba ndipo mimi ninapopitia.”

Alikuwa akisema jambo la kweli kabisa, si mfano wa maneno. Noti zake zilikuwa zikidondoka katikati ya noti zangu, na magitaa 2 yakipishana namna hiyo msikilizaji husikia kifungu cha tatu ambacho hakuna kati ya wapigaji anayekipiga. Mimi nikijaza, kifungu hicho cha tatu kinakufa, na kinachobaki ni magitaa 2 yanayogombania mlango. Wakati huo mjini alikuwapo Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12, ambalo peke yake lilisikika kama magitaa 2. Nakiri kwamba nilimwonea wivu, maana yeye, kwa macho yangu ya ujana, alikuwa ameruhusiwa kujaza.

Maana kamili ya mpangilio ule niliiona tulipokwenda kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu. Kabla ya redio binafsi kuanza kusikika mwaka 1994, studio ile ndiyo iliyokuwa njia kuu ya bendi ya Tanzania Bara kuufikisha wimbo wake kwa wananchi. Tulipiga sote kwa pamoja, waimbaji na wapuliza tarumbeta wakiwemo, na sauti zikaingia kwenye tepu zikiwa zimekwisha kuchanganyika, kwa hiyo hapakuwa na wa kusema kwamba gitaa litapunguzwa baadaye. Fundi mitambo alipotaka tarumbeta zipungue hakugusa kitufe. Alitoka kwenye chumba chake cha vioo, akawaomba wapulizaji warudi nyuma hatua 2, kisha akanisogeza mimi na amplifaya yangu kuelekea kwenye kipaza sauti kana kwamba anapanga viti vya sebuleni. Wimbo ulikuwa na sehemu 2 kama ilivyokuwa desturi, ya kwanza ya polepole yenye beti, na ya pili iliyochangamka, ile tuliyoiita chemko, na wote ulikaribia dakika 8. Katika dakika ya 7 kidole changu kiliteleza. Tulirudia kuanzia noti ya kwanza, na wapuliza tarumbeta, ambao midomo ilikuwa imekwisha kuwachoka, hawakunisemesha hadi jioni.

Taarabu ilinipokea kwa namna nyingine, na hapa inabidi nitofautishe Tanga na Unguja, maana watu wa bara huzichanganya. Kwetu Tanga, vikundi kama Black Star na Lucky Star vilikuwa vimekwisha kuliingiza gitaa la umeme katika taarabu tangu nilipokuwa sijazaliwa au nikiwa mdogo, na hakuna aliyeliona kuwa mgeni. Unguja, ambako Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na ambako ganuni, udi, fidla na nai ndivyo vyenye nyumba, gitaa likiitwa hukaribishwa kwa heshima zote na huonyeshwa mahali pa kukaa. Nilialikwa huko na kikundi kimoja kilichotaka kurekodi nyimbo zake za zamani pamoja na gitaa. Nilikwenda kwa kujiamini kwa mtu aliyelelewa na taarabu nyumbani.

Wimbo wa kwanza ulikuwa katika maqamu ya Rasti, mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Gitaa, kama piano, huigawa oktavu, yaani umbali kati ya noti na mwenzake wa juu wa jina lilelile, katika hatua 12 zilizo sawa, na vile vipande vya chuma vilivyopachikwa kwenye shingo yake havimruhusu mpigaji kusimama popote pengine. Wataalamu wa muziki wa Kiarabu wa zama hizi huigawa oktavu hiyohiyo katika hatua 24, na noti ya 3 ya Rasti hukaa takriban katikati ya noti 2 ambazo gitaa linazo, yaani juu ya ile yenye huzuni na chini ya ile yenye furaha. Mpiga fidla huipata kwa kusogeza kidole tu. Mimi nilijaribu kuipata kwa kuuvuta uzi pembeni, ili sauti ipande kidogo kutoka kwenye noti ya chini, na mara nyingine niliifikia, mara nyingine nikapitiliza, mara nyingine nikaishia njiani. Niliporudia kwa mara ya 5, mzee wa fidla aliushusha upinde wake magotini. “Mwanangu,” akaniambia, “hiyo waachie wenyewe. Wewe shika zile zisizogombaniwa.”

Zisizogombaniwa zilikuwa noti ya msingi na noti ya 5, pamoja na vifungu vya bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarabu, ambavyo haviipitii ile noti ya katikati. Basi nikarekodi nyimbo 4 nikipiga noti chache kuliko nilizowahi kupiga maishani, na kodi kamili sikupiga hata moja, kwa sababu kodi kamili inabeba ndani yake noti ya 3, na kwa kuipiga ningekuwa nimeamua kwa nguvu jambo ambalo mwimbaji na fidla walikuwa wakiliacha liyumbe kwa makusudi. Jioni, baada ya kahawa, yule mzee alinieleza kwamba taarabu ni shairi kwanza, na kwamba anayepiga bila kulijua shairi hujulikana pale mwimbaji anapoikokota silabi ya mwisho ya mshororo, maana mpigaji huyo hukimbilia mbele kama abiria aliyeona basi. Tangu siku hiyo huomba maneno ya wimbo yaandikwe kwenye karatasi, niyasome kabla sijagusa uzi, hata kama wimbo wenyewe ni wa tangazo la sabuni.

Baadaye, katika ile taarabu ya kisasa iliyoshika kasi tangu miaka ya 1990, yenye kinanda cha umeme, gitaa na besi, nilipigia vikundi kadhaa vya Dar es Salaam. Huko kodi zinaruhusiwa na gitaa lina uhuru zaidi. Kilichonishangaza ni urefu wa nyimbo. Ukumbini wimbo hurefushwa na watunzaji, kwa kuwa mwanamke akiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, ubeti unaomlenga hasimu wake hurudiwa hadi pesa zimwishie mkononi. Studioni hakuna anayeinuka. Mwimbaji mmoja, dada mwenye sauti nzito isiyo na mfano, aliuimba ubeti wake mara 1, akatazama huku na huku, akasema hawezi kuendelea kuimba kwa ukuta. Ikabidi wenzake wawili waingizwe ndani, wakae mbele yake na vitenge vyao, na mmoja wao awe anainuka kweli na kumtunza. Tulirekodi vizuri sana.

Kazi iliyonilipa kwa uaminifu zaidi ilikuwa ya kwaya. Kwaya hulipa kwa sababu wanakwaya wamechangishana, mhasibu wao yupo hapo hapo na daftari lake, na hakuna anayetaka deni la muziki wa Mungu. Ugumu wake ulikuwa wa lugha. Sisi wa bendi tulifundishana kwa kodi na kwa kutazamana vidole, ilhali mwalimu wa kwaya anasoma na kuandika kwa do, re, mi. Ananiambia, “Kaka, hapo wanapanda so, la, te, do,” nami nabaki nikihesabu vidoleni kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilijifunza do, re, mi nikiwa na miaka 28, kutoka kwa binti wa sauti ya pili, wakati wa mapumziko ya chai. Katika sehemu za kuchangamka wao walitaka sebene, gitaa la juu kabisa kwenye shingo, la Kikongo hasa, na nilifurahi kuona kwamba mambo niliyokatazwa na mzee wa rizimu hapa yaliombwa, maana gitaa lilikuwa moja na ukumbi ulikuwa mpana.

Hata hivyo, kwaya iliwahi kunipa siku ngumu kuliko zote. Kwa kuogopa umeme kukatika, kwani ilikuwa ni kipindi cha mgao, waliamua kurekodi sauti kwanza, bila chombo chochote, halafu sisi wapigaji tufuate baadaye. Watu 30 wakiimba bila chombo hushuka taratibu, na wao kwa wao hawajisikii, kwa sababu wanashuka pamoja. Nilipolinganisha gitaa na ubeti wa kwanza, likakubali. Katika ubeti wa pili lilianza kuwasha masikio, na kufikia mwisho wa wimbo kwaya ilikuwa imeshuka karibu nusu ya hatua moja ya gitaa. Siku hizi kompyuta ingeliweka sawa jambo hilo wakati mtu anakunywa maji. Siku ile nilirekodi ubeti kwa ubeti, nikilegeza nyuzi zote 6 kidogo kabla ya kila ubeti, nikisimamisha, nikisikiliza, nikilegeza tena, na mpiga besi akinifuata nyuma kwa subira ambayo sijaisahau. Mwalimu wa kwaya alipoisikia kazi iliyokamilika alisema gitaa lilikuwa tamu ila linasikika kama limechoka mwishoni. Sikuwa na la kumjibu.

Benga nilikutana nayo kwa siku 2 tu, jijini Nairobi, kwa kumshikia nafasi mpigaji aliyekuwa mgonjwa. Nilijua habari zake kupitia D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Mara, aliyevuka mpaka na kuwa miongoni mwa vinara wa muziki huo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba gitaa la benga halijitazami kama gitaa. Linaiga nyatiti, chombo cha Wajaluo cha nyuzi 8, kwa hiyo halikai kwenye kodi bali hukimbia na sauti ya mwimbaji, likiyarudia maneno yake mara tu anapoyatamka, huku besi nayo ikiruka badala ya kukaa chini. Nilipiga kidansi, wakanivumilia, na nadhani katika rekodi ile yeyote anayeijua benga anaweza kunyoosha kidole na kusema hapa alikaa mgeni.

Kufikia miaka ya 2000 kazi nyingi ilikuwa imehamia kwenye vyumba vidogo vya Bongo Fleva, ambavyo kuta zake zilibandikwa magodoro au trei za mayai na ambavyo joto lake sitalisahau, kwa kuwa feni lilizimwa kila tulipoanza kurekodi. Gitaa langu la zamani lilikuwa likinasa mngurumo wa umeme, ule wa mawimbi 50 kwa sekunde, na mngurumo huo hupungua au kuongezeka kutegemea mpigaji amegeukia wapi. Basi nilikuwa nikizunguka na kiti taratibu kama msafiri anayetafuta kibla, hadi mtayarishaji anyanyue mkono, na hapo ndipo ningekaa, mara nyingine nikiwa nimempa mgongo kila mtu.

Mtayarishaji wa kwanza kufanya naye kazi za namna hiyo alikuwa kijana wa miaka 23 aliyeniita mzee kwa heshima yote na kuniomba nipige vizio 4 tu, yaani vipande 4 vifupi vya mapigo. Nilimuuliza wimbo uliobaki nitaupiga lini. Akasema hivyo 4 vinatosha, yeye atavirudia. Nilivaa hedifoni, nikasikia mlio wa metronomu ukihesabu mapigo, nikapiga. Akarudia kunisikiliza, akanionyesha kwenye skrini kwamba noti zangu zilikuwa mbele kidogo ya mstari, kisha kwa kipanya akazisukuma nyuma, moja baada ya nyingine, zikakaa sawasawa. Nilihisi kama nimevuliwa shati. Katika dansi sisi tuliliegemea pigo kwa mbele kwa makusudi, hasa kwenye chemko, na wimbo ulikuwa na ruhusa ya kuongeza mwendo pale wachezaji wanapoongeza. Nilimwambia hivyo. Alisikiliza kwa adabu, akazirudisha noti 3 mahali nilipozipiga, akaacha nyingine alipozisukuma, na ninapaswa kusema kwamba alichagua zile 3 vizuri kuliko ambavyo ningezichagua mwenyewe.

Jambo ambalo sijalisamehe lilitokea katika chumba kingine. Nilipiga kifungu kimoja kwa ajili ya wimbo mmoja, nikalipwa mkononi, bila karatasi. Mwaka uliofuata nilikisikia kifungu hichohicho kwenye daladala, katika wimbo wa mtu nisiyemjua, kimepandishwa noti 2, na miezi michache baadaye katika wimbo mwingine tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, inamtambua mpiga ala kama mtu mwenye haki juu ya upigaji wake, lakini haki hiyo inahitaji uthibitisho, na mimi sikuwa na chochote zaidi ya vidole vyangu. Nilipompigia simu yule mwenye studio alicheka, akasema, “Mzee, si ulilipwa?” Ni kweli nililipwa. Tangu hapo nina kitabu cha stakabadhi, nacho kimenipotezea wateja kadhaa.

Mwishoni kabisa wakaja vijana wa singeli, kutoka uswahilini, kwenye mitaa kama Manzese na Mburahati ambako muziki huo ulikulia. Mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika, na vidole vyangu, nasema bila kuona haya, haviwezi. Wao hawakujali. Walinitaka nipige kwa nusu ya mwendo, kisha wakaiongezea kasi kwenye kompyuta bila kujali kwamba sauti itapanda, na gitaa langu likatoka likiwa jembamba na lenye kulialia, karibu na sauti ya gambusi la zamani. Nilicheka hadi machozi. Nilipowauliza wanaitaka hivyo kweli, mmoja akajibu kwamba hiyo ndiyo waliyoisikia kichwani tangu mwanzo.

Wiki chache zilizopita binti yangu wa mwisho aliukuta kwenye simu wimbo wa ile bendi yangu ya kwanza, uleule tuliourudia Barabara ya Pugu, ambao mtu fulani aliuhamisha kutoka kwenye kanda iliyochakaa. Akaniuliza, “Baba, lako ni lipi hapo?” Nikamwambia asubiri chemko. Ilipofika nilisikiliza, nikamwomba arudishe, nikasikiliza tena. Nilikisikia vizuri kile kifungu cha katikati, na sikuweza kutambua noti zipi ni zangu na zipi ni za mzee wa rizimu, ambaye alifariki zamani na hatuwezi kumuuliza. Nikachukua gitaa, nikampigia sehemu yangu kama vidole vinavyoikumbuka, peke yake, noti 8 na kurudia.

“Ndiyo hiyo tu?” akauliza.

“Ndiyo hiyo tu,” nikamwambia, naye akaubonyeza tena wimbo.